Bunduki Iliyomtazama Bibi wa Vyungu

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba bunduki ya Mdachi ina jicho, na kwamba jicho hilo linamjua mwenye hatia. Sikuliamini nusunusu, kama mtu anavyoamini kwamba kesho itanyesha mvua. Kwetu Kyela mvua hunyesha kesho, keshokutwa na mtondo, kwa hiyo haihitaji imani ya mtu. Hili la bunduki niliamini kwa tumbo na maini. Ukitaka kumjua aliyetenda ubaya, mpe askari bunduki, alale kifudifudi, afumbe macho yake mwenyewe ili jicho la bunduki lisione haya kutazama. Mtutu utageuka wenyewe. Akifumbua, mtu aliye mbele ya mtutu ndiye.

Msinicheke upesi. Ninyi mliozaliwa enzi zangu mnajua jinsi akili zetu zilivyokuwa zikijengwa. Mwavi ulikuwa umekatazwa. Zamani, watu walipotaka kumjua mchawi, walimnywesha ile sumu ya kiapo. Akiitapika ni safi, ikimkaa tumboni ndiye. Boma likasema atakayemnywesha mwenzake mwavi atatiwa minyororo. Basi sisi wachunga ng'ombe tukakaa juu ya kichuguu tukalipima jambo hilo kama wazee wa baraza. Mtu hatupi kisu chake kabla hajapata kingine. Kama Mdachi amekataza mwavi, bila shaka ana chake kinachofanya kazi ile ile, tena bila kutapisha watu. Na ni kitu gani alicho nacho Mdachi kinachoogopwa kuliko mwavi? Jibu tulilipata kabla ng'ombe hawajamaliza kunywa maji.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya chungu. Majuzi mjukuu wangu alikuwa akiosha chungu cha marehemu mama yangu, kikamponyoka, kikawa vigae. Alilia, nami nikamwambia anyamaze, chungu hakikumwahidi mtu kwamba kitaishi milele. Lakini nilipoinama kuviokota vile vigae vilivyolowa, harufu ya udongo ikanipanda puani, harufu ile ya mvua iliyofungiwa ndani ya nyumba. Nikakaa chini palepale. Mjukuu akadhani nimejikata, akakimbia kuita watu. Kumbe nilikuwa nimerudi ukingoni mwa mto, nikimtazama mtu aliyefumba macho.

Chungu kile kilitoka kwa bibi mmoja Mkisi. Alikuja kwa mtumbwi kutoka kule ambako milima inaingiza miguu yake ziwani, na mtumbwi wake ulijaa vyungu hata ukiutazama kwa mbali ungesema ni vyungu vyenyewe vinaogelea. Alijenga kibanda cha matete ng'ambo ya pili ya mto, karibu na unapoingia ziwani, kwa kuwa upande wetu ukingo ni mkali. Biashara yake ilikuwa rahisi: unachagua chungu, unakijaza mpunga mpaka mdomoni, mpunga unakuwa wake na chungu kinakuwa chako. Wanawake wetu walivuka kwenda kwake, naye alivuka kuja kwetu na vyungu vitatu kichwani, kimoja juu ya kingine, mikono ikining'inia kama ya mtu anayetembea bure. Kwa miaka mingi nimesimulia kwamba vilikuwa saba. Vilikuwa vitatu.

Kinyakyusa chake kilikuwa na Kikisi ndani yake, nasi tulimwiga tukacheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakukasirika. Alitusalimia "Mugonile," kwa ule wingi wa heshima anaosalimiwa mtu mzima, sisi tuliokuwa na makamasi mpaka kidevuni. Hakuna mtu mwingine aliyetusalimia hivyo. Lusajo, rafiki yangu, alisema labda Wakisi hawajui kuhesabu watu. Mimi sikusema kitu, kwa sababu kila aliponiambia "Mugonile" nilijiona nimeota ndevu.

Mwaka huo mto wetu ukapata mamba.

Hapa sitatia chumvi. Alimchukua Tusajigwe, binti wa jirani yetu, rika langu, mtoni alipokwenda kuteka maji asubuhi. Kilichopatikana ni kibuyu chake, kinazungukazunguka kwenye maji yasiyo na haraka. Baba yake alikuwa mtu wa kuimba akilima, sauti yake ilifika kwetu kabla ya jua. Baada ya siku ile alilima kimya. Mama yangu alisema afadhali angelia, maana mtu asiyelia analiweka jambo mahali, na baadaye lazima alitoe.

Na kwetu enzi zile mamba hakumchukua mtu kwa njaa yake tu. Mamba alikuwa na mwenyewe. Mtu fulani amemtuma, kwa wivu au kwa kisasi, na swali halikuwa kama yupo bali ni nani. Wazee walinong'ona. Wengine walitaja ndugu wa mbali wa marehemu, wengine walitaja mambo ya mahari ya zamani. Na wachache waligeuza macho wakatazama ng'ambo, ambako mwanamke mgeni alikuwa anaoga na kuteka maji katika mto ule ule kila siku, na mamba hamgusi.

Malafyale, ndiye mtawala wetu, alituma mtu bomani kuomba msaada, na boma likamleta baba yangu mdogo. Baba mdogo Ambilikile alikuwa askari. Alivaa nguo za rangi ya vumbi na kofia yenye pazia la nyuma la kufunika shingo, na alipotembea ardhi ilitetemeka kutoka Mwaya hadi mpakani, au angalau mimi nilitetemeka. Alikuja na bunduki moja na risasi tatu. Maganda yake alitakiwa kuyarudisha bomani, yawe yamepiga au hayakupiga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nadhani maneno yote ya ukoo wetu yaligawanywa vibaya. Yeye alipewa kiganja, mimi nikapewa ghala.

Aliuliza nani anajua mamba anaota jua wapi. Wachunga ng'ombe ndio wanaojua mambo hayo, na kati ya wachunga ng'ombe mimi ndiye niliyeinua mkono kwa haraka zaidi.

Tulifika jua likiwa limeanza kukaza. Mamba alikuwa juu ya ulimi wa mchanga katikati ya mto, mdomo wazi kama mtu aliyesinzia kanisani. Watu wazima walijificha nyuma ya matete. Baba mdogo aliniambia nilale nyuma ya kisigino chake, na kwamba nikisogea mbele ya kisigino hicho hata kwa kidole atanifunga kwa kamba ya ng'ombe. Yeye mwenyewe akalala kifudifudi, akapanua miguu, akaegemeza kitako cha bunduki begani, akalaza shavu. Kiwiko cha kushoto akakiweka chini ya bunduki. Kidole chake hakikwenda kwenye kifyatulio. Alikinyoosha pembeni, juu ya ubao. Akapumua. Akapumua tena, polepole, mgongo ukashuka, mwili wote ukalegea kama ngozi iliyotandikwa kukauka.

Kisha akafumba macho.

Nililiona hilo kwa macho yangu mawili. Mtu amekuja siku mbili kwa miguu kumpiga mamba, mamba yuko mbele yake, naye anafumba macho kama anayeombea chakula. Nikajua sasa linafanyika, jicho la bunduki limebaki peke yake kutazama. Alipofumbua, mimi niliufuata mtutu kwa macho, nikapita mkia wa mamba, nikavuka maji, nikafika ng'ambo. Na kule, mwisho kabisa wa mstari ule, bibi wa vyungu alikuwa ameinama anapanga vyungu vyake kwenye jua. Akainuka, akajishika kiuno, akatazama mto bila kutuona.

Baba mdogo alifyonza kidogo. Akaanza kujiburuta, si kwa mikono bali kwa kiuno na miguu, kidogokidogo, kama mtu anayegeuza mkeka akiwa juu yake. Hajamaliza, mamba akafunga mdomo, akateleza majini bila sauti. Baba mdogo akasimama, akajikung'uta mchanga, akasema amekwenda, tutarudi keshokutwa akisahau. Hakuna neno lingine alilosema mpaka tulipofika nyumbani, na hata kule aliomba maji tu.

Sasa ninyi mnaojua maisha yetu ya zamani mnajua jinsi vijana wa rika moja tulivyokula. Tulilala katika kijiji chetu wenyewe, vibanda vyetu vya mianzi, lakini chakula tulikwenda kula kundi zima kwa mama wa mmoja, kisha kwa mama wa mwingine. Asiyelijua hilo hataelewa jinsi habari ilivyosafiri. Barua ya boma ilihitaji tarishi. Habari yangu ilihitaji njaa tu.

Kwa mama yake Lusajo nilisema bunduki ilipofumbiwa macho ilielekea kwa bibi wa vyungu. Hiyo ilikuwa kweli tupu. Lakini Lusajo hakuacha kutafuna ndizi, na mimi sikuweza kuvumilia mtu kunisikiliza huku anatafuna. Kwa mama wa pili nikasema mtutu uligeuka wenyewe, nikauonyesha kwa mkono. Kwa wa tatu ukalia kama mlango wa mianzi. Tulipofika kwa mama yangu mwenyewe bunduki ilikuwa imekohoa, ikaongea Kidachi, ikamtaja bibi kwa jina. Mtoto mmoja akauliza nimejuaje kwamba ni jina lake, wakati hakuna kati yetu anayejua jina lake. Nikamjibu kwamba hata mbuzi angeelewa.

Mama aliacha kukoroga. Akaniuliza, "Uliona kwa macho yako?"

"Niliona."

"Yote?"

Nikasema yote. Akanitazama kwa muda ambao hata leo sijaumaliza, halafu akarudi kwenye chungu chake. Na mimi nilikula vizuri usiku ule, kwa sababu moyoni sikujiona mwongo. Msingi wa nyumba ulikuwa kweli. Nilikuwa nimeongeza nakshi tu, na nakshi hazimuui mtu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Kesho yake hakuna mwanamke aliyevuka na mpunga. Vyungu vya bibi vilikaa kwenye jua safu kwa safu. Siku ya pili, alfajiri, baba mdogo alikwenda mwenyewe na mzee mmoja tu, na kabla umande haujakauka tukasikia mlio mmoja, milima ikaurudisha mara nne. Hiyo nne ni kweli, muulizeni yeyote aliyewahi kupiga kelele kando ya ziwa lile. Tulikimbia. Mamba alikuwa amelala mchangani na tundu dogo nyuma ya jicho, na moshi mweupe bado unatambaa juu ya maji. Wanawake walipiga vigelegele. Vijana walimpanda mgongoni.

Baba yake Tusajigwe alikuja akasimama juu ya mzoga. Akasema, "Mnyama amekufa. Mwenyewe bado."

Mchana ule ule wanaume watano walivuka mto. Waliufunga mtumbwi wa bibi kwenye mti, wakamleta uani kwa Malafyale. Hawakumpiga, sitasema walimpiga. Walimwacha akae chini katikati ya ua, mikono yake ina udongo mkavu mpaka kwenye viwiko, maana walimkuta anakanda. Nyuma ya nyumba mazungumzo yalikwenda haraka. Mwavi umekatazwa, ndiyo, lakini huko juu milimani, mbali na masikio ya boma, yuko mtu anayejua kuutengeneza. Wangempeleka bibi huko kabla ya jioni. Na kila aliyetaka sababu alipewa sababu moja: hata bunduki ya boma imemtazama.

Nilisimama na wenzangu karibu na zizi. Nikajua kwamba yule bibi anaweza kufa, na kwamba njia ya kifo chake imepita jikoni kwa mama zetu, nami ndiye niliyeitembea. Lakini kuna jambo sikuweza kulitatua: mimi nilikuwa nimeona. Kikohozi kilikuwa changu, mlango wa mianzi ulikuwa wangu, lakini mtutu kuelekea kwake haukuwa wangu. Nikisema nimedanganya, nitakuwa nimedanganya. Nikinyamaza, watamchukua. Na kati ya vijana wa rika moja, anayeitwa mwongo siku moja huitwa hivyo mpaka siku ya kufukiwa. Nikanyamaza.

Bibi aliinua kichwa akatuona tumejipanga pale kama ndama. Akasema, "Mugonile."

Hakuna aliyemwitikia.

Baba mdogo alikuja kumuaga Malafyale, bunduki begani, ganda moja na risasi mbili zilizobaki zimefungwa kwenye kitambaa. Malafyale akamuuliza kama ni kweli bunduki ya boma imemtaja mwanamke huyu. Baba mdogo hakuelewa swali. Liliulizwa tena, safari hii polepole zaidi, naye akauliza nani aliyeona. Sijui watu mia mbili wanawezaje kugeuka kwa pamoja bila kugongana, lakini waligeuka. Pengine walikuwa arobaini.

Nikaitwa mbele. Baba mdogo akaniambia nisimulie. Nikaanza na kikohozi, nikamwona ananitazama bila hasira, kama mtu anayengoja maji yachemke, na kikohozi kikaondoka. Nikajaribu mlango wa mianzi, nao ukaondoka. Kidachi kikaondoka. Mtutu uliogeuka wenyewe ukaondoka. Habari yangu ilikuwa kubwa kama ng'ombe, ikawa mbuzi, ikawa kuku. Mwishoni ikabaki hivi: ulilala, ukafumba macho, ukafumbua, na bunduki ikawa imeelekea kwake.

"Hayo ni kweli," baba mdogo akasema.

Ua mzima ukavuta pumzi. Mimi nilitegemea ataniokoa kwa kunikana, naye amethibitisha. Baba yake Tusajigwe akamkaribia bibi hatua moja.

Baba mdogo akaitegemeza bunduki ukutani, mtutu juu, akaomba mchi wa kutwangia. Watu wakatazamana, ukaletwa. Mmoja akasema atumie bunduki yenyewe, watu waone. Akajibu kwamba bunduki haielekezwi kwenye ua wenye watu, iwe na kitu iwe haina, na hakulirudia. Akamwomba baba yake Tusajigwe alale chini, ashike ule mchi kama bunduki, alenge kibuyu kilichoning'inizwa kwenye nguzo ya ghala, kisha alegee, afumbe macho, apumue mara tatu.

Yule baba alisita. Lakini alikuwa mtu mwenye adabu, akalala. Alipofumbua macho, mchi ulikuwa umeacha kibuyu ukatazama miguu ya Malafyale kwenye kigoda chake.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Malafyale mwenyewe aliivuta miguu yake kidogo, kama mtu ambaye ndizi imemwangukia karibu. Akalala mwingine, mchi ukachagua mbuzi. Akalala wa tatu, ukachagua ukuta wa jiko. Mimi nikaambiwa nilale, nikashika mchi kwa nguvu zangu zote nisije nikamtaja mtu, nikafumba, nikafumbua, na mbele ya mchi alikuwa mama yangu, amesimama na wanawake wengine, ameshika kidevu. Sasa vicheko vikatoka, vya chini kwa chini. Baba yake Tusajigwe akauchukua ule mchi, akaugeuza, akautazama mwisho wake. Nilijua anatafuta nini. Nami nilikuwa nalitafuta jicho hilo pamoja naye.

Baba mdogo alieleza, lakini kwa yale maneno yake ya kiganja hakuna mwanamume aliyemfuata. Alisema mwili una mahali unapopenda kuelekea. Alisema ukifumba macho mwili unasema ukweli. Alisema mkono usisukume. Wanaume wakaitikia kwa heshima ile anayopewa mtu asiyeeleweka.

Bibi wa vyungu ndiye aliyesema, akiwa bado amekaa chini, kwa lafudhi yake tuliyozoea kuicheka.

"Huyu anasema habari za chungu kichwani," alisema. "Kikilalia kushoto, hukisukumi kwa shingo. Ukisukuma kitatulia, maadamu unasukuma. Ukichoka kinarudi kule kule kilikotaka, kinavunjika. Unaacha shingo, unasogeza miguu mpaka ujikute chini yake."

"Eee," wakasema wanawake wa nyuma, wote kwa pamoja, na mama yangu sauti yake ilikuwa ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuambiwa mara ya pili. Tangu wakiwa wasichana wadogo walikuwa wanalijua jambo hilo kwa utosi.

Baba mdogo alimwinamia kichwa. "Ndaga, mama," akamshukuru. Kisha akawageukia wanaume. "Nilipofumbua macho niliona mwili wangu unaelekea kwa mama huyu, si kwa mamba. Ningeweza kuusukuma mtutu kwa mkono mpaka kwa mamba. Ningefyatua, mkono ungelegea, na risasi ingekwenda kule mwili ulikotaka. Ndiyo maana sikupiga. Nafumba macho ili nisije nikaua mtu."

Tulikuwa tumemleta mwanamke afe kwa sababu ya kitu kile kile kilichomwokoa.

Baba yake Tusajigwe alikaa chini, mchi mapajani. Alisema kwa sauti ndogo, "Basi ni nani?" Hakumuuliza mtu fulani. Aliuliza tu, na macho yake yakatuzunguka sote kama anayeomba mmoja wetu amsaidie kubeba.

"Alikuwa mamba," Malafyale akasema.

Hapo ndipo yule baba alipolia. Alilia kwa kelele, kama mtoto, mchi ukamtoka ukabingirika, na wanawake wakaenda kumzunguka. Bibi alijiinua taratibu akaenda naye, akakaa karibu yake, akaweka mkono wake wa udongo juu ya mgongo wake. Ulipotoka, alama ya vidole vitano ilibaki pale kwenye ngozi yake, nyeupe, mpaka jioni.

Mtumbwi wake ulifunguliwa na wale wale watano, nao hawakujua pa kuweka macho. Mama yangu alivuka na mpunga, akakijaza chungu kimoja mpaka mdomoni, akaumimina katika kapu la bibi, kisha akakijaza tena. Bibi akasema imetosha. Mama akaendelea kumimina. Hicho ndicho chungu alichovunja mjukuu wangu. Msimu uliofuata bibi alirudi, hakuna aliyetarajia, na alipotukuta njiani akatuambia "Mugonile," nasi tukamwitikia kwa sauti hata ndege wakaruka. Hatukumwiga tena. Mimi jina la mwongo nililipata, ndiyo, na nimelibeba vizuri. Huwa nalitoa nje siku za sherehe. Lakini tangu siku ile, nikisimulia habari inayomtaja mtu, kuna mahali ninasimama nikatazama mwisho wa mstari, nani amesimama kule.

Ningependa kusema kwamba mtoto yule aliyelala chini na mchi aliamka hana tena imani yake. Haikuwa hivyo. Imani ya mtoto ni kama magugu ya mpunga, unang'oa leo, kesho yapo. Nilimsindikiza baba mdogo alipokuwa anarudi bomani, nimembebea mkoba wake, na njia nzima nilipima maneno. Wakati huo hatukujua kwamba vita vingekuja, kwamba angeondoka na bunduki ile akielekea kusini na asirudi, kwamba nisingepata nafasi nyingine ya kuuliza. Tulipofika njia panda, mahali ambapo alitakiwa kuchukua mkoba wake, nikamuuliza kwa siri, watu wazima wasisikie: ile mara ya kwanza, kule mtoni, kabla hajafumbua macho, jicho la bunduki halikumwona yule bibi hata kidogo?

Baba mdogo aliuchukua mkoba, akautundika begani. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu mzima.

"Bunduki haina jicho," akasema. "Kiwiko changu kilikuwa juu ya jiwe. Nikasogea."